Sindano za Wifi

"Hapa ndipo penye tatizo," daktari alisema, akagusa skrini kwa ncha ya kalamu.

Mwanamke aliyekaa mbele yake aliinama kutazama. Alijiona humo ndani bila nguo wala nyama: fuvu, mbavu, uti wa mgongo, miguu, vyote vya kijivu, mara mbili, kwa mbele na kwa nyuma. Kwenye nyonga ya kushoto palikuwa na doa jeusi, ukubwa wa kifungo cha koti.

"Ile dawa ya mionzi tuliyokutia kwenye mshipa hukimbilia pale mfupa unapohangaika," daktari aliendelea. "Mifupa mingine yote imetulia. Hapa hapajatulia." Alipofika hapo akageuza kiti, akamtazama mume wa mwanamke, aliyekaa pembeni.

"Niangalie mimi, daktari," mwanamke alisema. "Huyu anatengeneza mafriji. Titi ni langu."

Mtaani walimwita Wembe. Nusu ya jina ilitokana na njia alizochora kwenye vichwa vya wateja kabla ya kuwasuka, zilizonyooka hata ukitafuta kasoro huipati. Nusu nyingine ilitokana na ulimi. Hata mumewe alimwita hivyo, ingawa kwa sauti ya chini, na yeye mumewe kila mtu alimwita Fundi.

Daktari alikohoa. Hakuwa mtu mbaya. Alikuwa mtu mwenye foleni nje ya mlango.

"Tulikubaliana tukate titi," alisema, safari hii akimtazama mwenyewe. "Lakini kama ugonjwa umeshatoka kwenye titi ukashuka mfupani, kukata ni kukuumiza bure. Tutabaki na dawa za kutuliza. Alhamisi madaktari tunakaa kikao, tutathibitisha. Kwa sasa nimeliondoa jina lako kwenye orodha ya upasuaji."

"Umeliondoa."

"Kwa sasa." Akarudi kwenye faili. "Ngoja nihakikishe jambo moja. Hapa wameandika hukuanguka, hukugongwa, wala hukuchomwa sindano yoyote sehemu hiyo. Ni kweli?"

"Kweli kabisa," Fundi alidakia, mkewe hajavuta hata pumzi.

Wembe alifungua mdomo, akaufunga. Na hapo, jamani, ndipo mwanamke asiyejua kumeza neno alipolimeza moja, tena zima zima.

*

Sindano zilikuwepo. Tena si moja.

Mara ya kwanza alipokwenda kupasuliwa walimrudisha nyumbani: damu ndogo, aipandishe kwanza. Wakampa vidonge, vidonge vikamtapisha. Basi wifi yake, dada mkubwa wa Fundi, akasema yeye ana njia ya mkato. Wifi aliuza kwenye duka la dawa. Kuuza tu, kuchoma watu sindano hakuruhusiwa, na mwenye duka alishamwonya. Akaja na vichupa vyenye maji ya kahawia kama mafuta machafu ya gari, madini ya kuongeza damu, akawa anamchoma chumbani kila akitoka kazini.

Chumba chenyewe kilikuwa chembamba, kitanda kimesukumwa mpaka ukutani. Wembe alilala ubavu, uso kautazamisha ukuta, kwa sababu hakutaka kuiona sindano. Kalio lililobaki juu likawa la kushoto, kila siku la kushoto.

"Geuka leo tubadilishe upande," Wifi alimwambia.

"Sigeuki. Nikigeuka nitaiona, nikiiona nitakimbia na gauni juu, mtaa mzima upate cha kusimulia."

Wifi akacheka, akachoma palepale. Na damu ilipanda, hilo hatulikatai. Daktari alipopima alifurahi, akavisifu vidonge.

Baada ya sindano ya mwisho Wifi aliwakalisha wote wawili. "Hili libaki humu ndani," alisema. "Likitoka, kazi sina, na huenda nikaitwa kujibu." Wembe akaapa. Fundi naye akaapa, maana dada yake ndiye aliyemlea walipobaki yatima, ndiye aliyemnunulia spana zake za kwanza, na tangu hapo hakuwahi kumkatalia kitu. Binti wa mashine ya kupiga picha za mifupa alipouliza juu ya sindano, Fundi alijibu hapana. Daktari alipouliza tena, alijibu hapana. Wala hakujua kama swali lile lilikuwa na kazi yoyote. Alijua tu kwamba ameapa.

*

Jioni Wifi alifika na macho yamevimba. Alimkumbatia Wembe, akalia, akafuta machozi, akakubali chai. Kisha akaanza kupanga mambo, maana kupanga mambo ndiyo njia yake ya kuomboleza.

"Saluni tuitafutie mtu wa kuiangalia," alisema. "Vile viti viwili visikae bure. Na wewe Fundi, ule mlango wa bafuni uupanue, maana akianza kushikiliwa..."

"Wifi," Wembe alisema, "mnanizika nikiwa nimekaa?"

"Sikuziki, mama. Nawaza mbele."

"Basi waza kimyakimya. Mimi bado nimo humu ndani, na nasikia vizuri sana."

Fundi aliinamisha kichwa. Wifi akashika kikombe. "Kwani wameona wapi hasa?"

"Nyonga. Ya kushoto."

Kikombe kilikuwa karibu na mdomo. Kilirudi mezani bila kunywewa. Wifi alisema Mungu atasaidia, akachukua mkoba wake, akasema amekumbuka kitu dukani. Fundi alidhani uchungu umemzidi, akamsindikiza mpaka barabarani. Wembe alibaki anakitazama kikombe kile, hajui kwa nini kinamkera.

Usiku ule hakulala. Tusimpambe bure: alilia, akauma mto ili mumewe asisikie, na mumewe alisikia, akajifanya hasikii.

*

Kesho yake alifungua saluni kama kawaida. Mteja wa kwanza alitaka rasta ndogondogo, kazi ya nusu siku. Wembe alimpanga kichwa, akavuta stuli, akakaa. Alikaa upande, kalio la kulia tu, mguu wa kushoto ameutupa pembeni. Alikuwa akikaa hivyo siku nyingi mpaka amezoea.

"Dada, mbona unakaa kama mtu aliyekalia msumari?" mteja alimuuliza kupitia kioo.

"Suka hizi mwenyewe uone kama utakaa vizuri," Wembe alijibu, vidole havikusimama. Halafu vikasimama.

Alipeleka mkono nyuma, akajibonyeza juu ya gauni. Palikuwa na donge gumu, na liliuma. Alilijua donge hilo, aliliona kama gharama ya ile damu iliyopanda. Lakini sasa alikumbuka ile ncha ya kalamu kwenye skrini, mahali ilipogusa. Akakumbuka swali. Mtu mwenye foleni nje ya mlango haulizi kitu kwa kujifurahisha. Na ile chai, Wifi aliiacha kwa sababu gani?

Akaweka chanuo chini. "Nisubiri."

"Na kichwa changu?" Mteja alikuwa na rasta upande mmoja, upande wa pili nywele zimesimama.

"Kipo hapo hapo. Hakina pa kwenda."

*

Duka la dawa lilikuwa na wateja wawili. Kwa mara ya kwanza katika maisha yake Wembe alingoja zamu bila kusema neno, na hilo peke yake lilimtisha Wifi. Wateja walipotoka, akamvuta nyuma ya rafu.

"Ulijua," Wembe alisema.

"Nilijua nini?"

"Nilipotaja kushoto, uliacha chai."

Wifi alianza kupanga maboksi ambayo yalikuwa yamepangwa tayari. "Mimi sijui mambo ya mashine zao. Nilihisi tu. Ile dawa hukaa kwenye nyama muda mrefu. Inaacha donge, inaacha rangi. Labda mashine inaiona. Labda haiioni. Unataka nijitie kitanzi kwa labda?"

"Na mimi je? Mimi wameniondoa kwenye orodha kwa labda hiyohiyo!"

"Punguza sauti." Wifi alichungulia kaunta. "Nimezeekea nyuma ya kaunta hii. Wakinitoa hapa, nani atanichukua? Nilikufanyia wema, Wembe. Wema mtupu."

"Ulinifanyia, na nilishukuru. Ndiyo maana jina lako halitatoka mdomoni mwangu. Niliapa, nimeapa. Lakini Alhamisi nasema nilichomwa. Nani alinichoma, hilo wataniuliza mpaka wachoke. Kalio ni langu."

"Watakuuliza dawa gani."

"Nitawaambia ya kahawia."

"Ya kahawia!" Wifi alicheka kicheko kibaya. "Watakufukuza kama kuku."

"Wajaribu," Wembe alisema, akarudi kumalizia kichwa cha watu.

Nyumbani Fundi naye alimsihi. Alisema dada hana mwingine, alisema labda madaktari watagundua wenyewe, alisema mambo mengi huku anazungusha bisibisi mkononi. Wembe alimwacha amalize.

"Sikuombi useme kitu," alimwambia. "Nakuomba unyamaze. Ulivyodakia siku ile, imetosha."

*

Alhamisi dada wa mapokezi alipitisha kidole kwenye karatasi yake, juu mpaka chini.

"Mama, jina lako halimo."

"Najua halimo. Ndilo lililonileta."

"Daktari yuko kwenye kikao."

"Kikao hichohicho ndicho nakitaka."

"Haiwezekani. Rudi Jumatatu."

Wembe alitazama benchi, halina nafasi. Akatazama mlango wenye maandishi ya kukataza watu kuingia. Akaenda, akakaa sakafuni mbele ya mlango huo, upande wa kulia kama kawaida yake, akanyoosha miguu. Nesi mmoja aliruka miguu ile na sinia mkononi, akasonya. Wagonjwa kwenye benchi walisahau maumivu yao kidogo. Mlinzi akaitwa.

"Mama, inuka kwa heshima yako."

"Niinue wewe. Ila ukinishika, shika kwa uangalifu. Walinitia mionzi hawa."

Mionzi yenyewe ilishaisha mwilini siku nyingi, lakini mlinzi hakuambiwa. Aliurudisha mkono wake mfukoni, akasema ngoja amwite mkubwa wake. Fundi alikuwa amesimama ukutani, aibu imemshika mpaka masikio. Alimtazama mkewe pale chini, watu wanamruka kama dimbwi la maji. Kisha akaenda, akakunja magoti, akakaa sakafuni karibu naye. Wembe hakumtazama, lakini alimsogezea upindo wa kanga akalie.

Mlango ulifunguka. Daktari alitoka na faili kwapani.

"Mama! Nini tena?"

"Nilichomwa sindano," Wembe alisema kutoka pale chini. "Nyingi. Kalio la kushoto. Mlipouliza, tukasema hapana."

Daktari akavua miwani. "Mliulizwa na mpiga picha. Nikauliza tena mimi mwenyewe. Mnadhani tunauliza ili tuzoeane?"

Fundi akasimama. Watu wote walikuwa wanamwangalia, na yeye ni mtu ambaye hata kwenye harusi hukaa nyuma. "Mwongo ni mimi, daktari. Mara zote mbili. Yeye hakusema kitu."

Waliingizwa kwenye chumba cha pembeni, na nesi mmoja akafuata. Daktari hakukaa.

"Dawa gani?"

"Ya kahawia."

"Za kahawia ziko nyingi. Nani alikuchoma?"

"Hilo sisemi."

"Mama, siwezi kurudi kwa wenzangu nikawaambia ya kahawia. Watu wakishapewa habari mbaya hukumbuka mambo mengi. Nimeyaona. Ni woga, na sikulaumu."

"Naogopa, ndiyo," Wembe alisema. "Naogopa mpaka magoti. Nikisikia gari la wagonjwa najifunika kichwa. Lakini mwoga na mwongo ni watu wawili, na mimi leo ni mmoja tu kati yao."

Akageuka, akapandisha gauni.

Nesi aliruka kuvuta pazia. "Acha pazia," Wembe alimwambia. "Wamenitazama mpaka mifupa. Kalio ni nini?"

Ngozi ilikuwa na doa la kahawia, pana kama kiganja, kama chai iliyomwagika kwenye kitambaa cheupe ikakataa kutoka. Fundi alikuwa hajaliona. Mkewe alimficha wiki zote hizo. Alijiziba mdomo. Daktari aliinama, akabonyeza kwa vidole viwili, Wembe akauma meno.

"Alama kama hii nimewahi kuiona," alisema mwishowe, polepole. "Lakini bila jina la dawa..."

Mlango uligongwa. Aliyeingia alikuwa Wifi, bado na koti lake jeupe la dukani, anahema. Hakumsalimia mtu. Alifungua mkoba, akatoa kichupa kitupu, akakiweka mezani kwa kishindo.

"Hiyo hapo. Nilimchoma mimi. Upande mmoja, siku zote upande mmoja, kwa ubishi wake na uzembe wangu."

"Wifi!" Wembe alifoka, gauni bado liko juu. "Nilikwambia sitakutaja!"

"Hujanitaja. Nimejitaja. Shusha gauni."

*

Daktari alisoma maandishi ya kichupa, akamgeukia Wifi, akampasha. Tuyaache aliyoyasema daktari; Wifi aliyastahili, na aliyapokea amesimama wima. Kisha akavuta karatasi akawachorea duara mbili.

"Hii ni nyama, huu ni mfupa. Ukimpiga mtu picha kwa mbele na kwa nyuma tu, vitu viwili vinalaliana, unaona doa moja. Madini haya yakibaki kwenye nyama, ile dawa yetu ya mionzi huweza kuyafuata humo, ikang'ang'ania. Kwa hiyo inawezekana doa lako ni nyama tupu. Inawezekana pia ni nyama, na nyuma yake mfupa nao umeshikwa. Siahidi kitu. Tutapiga upya, na safari hii tutapiga kwa pembeni."

"Piga hata kwa juu," Wembe alisema.

Wakamchoma tena mshipa wa mkono, wakamwambia anywe maji, aende haja, angoje. Walingoja watatu koridoni, Fundi katikati. Wembe alikuwa na hasira na Wifi kwa sababu ya ile chai, akawa na upendo naye kwa sababu ya kile kichupa, na vyote viwili vilimkaa kifuani pamoja na lile titi. Alipoitwa, alimpa Wifi mkoba wake amshikie. Wifi aliukumbatia kama mtoto mchanga.

Binti wa mashine alimlaza, akamwambia asitikisike. Wembe hakutikisika. Hata pua ilipomwasha, aliiacha ikawashe mpaka ichoke yenyewe.

Majibu walipewa wote watatu, maana Wembe alikataa kuingia bila wenzake. Picha mpya ilikuwa kwenye skrini. Ilikuwa nyonga iliyotazamwa kwa ubavu. Daktari alipitisha kalamu kwenye mstari wa kijivu, taratibu, kutoka juu mpaka chini.

"Mfupa huu hapa." Kalamu ikahama. "Doa hili hapa."

Doa lilikuwa nyuma kabisa, nje ya mfupa, limekaa peke yake kwenye nyama. Wembe alisogeza uso mpaka pumzi yake ikafanya ukungu kwenye skrini.

"Katikati yake kuna nafasi," alisema.

"Kuna nafasi," daktari alikubali. "Mfupa ni msafi. Nimelirudisha jina lako."

Fundi alilia waziwazi, kwa sauti, mbele ya watu, na hakutafuta leso. Wifi alikaa kwenye kiti ambacho hakukaribishwa. Daktari akainua mkono.

"Lakini tuelewane. Uvimbe wa kwenye titi bado upo. Sijakwambia umepona."

"Wala sijakuuliza kama nimepona," Wembe alisema. "Nauliza mnakata lini."

*

Mwenye duka alimfukuza Wifi siku ileile ya kile kichupa, kwa sababu alipoomba ruhusa ya kutoka aliulizwa anakwenda wapi, na alikuwa amechoka kudanganya. Sasa anaosha vichwa kwenye saluni ya Wembe. Hajui kuosha. Anamwaga maji masikioni, wateja wanalalamika, naye anawajibu kwamba sikio ni la kuoshwa pia. Wembe alimpa kile kiti cha pili, akamwambia asimsogelee mtu na kitu chochote chenye ncha, hata kibanio.

Asubuhi ya upasuaji walimvisha joho la kijani lililo wazi nyuma. Fundi na Wifi waliruhusiwa kusimama mlangoni mwa wodi, si zaidi. Kitanda chake kilikuwa kimesukumwa mpaka ukutani, kama cha nyumbani. Nesi alikuja na sinia.

"Sindano moja tu ya kwenye nyama, mama, kabla ya kukupeleka," alisema. "Lala ubavu, geukia ukuta."

Wembe alimtazama Wifi kule mlangoni. Wifi alikuwa ameshajiziba macho.

"Ukuta nimeutazama vya kutosha," Wembe alisema. Akajigeuza upande wa pili, polepole kwa ajili ya titi, mpaka uso wake ukawa chumbani, kwa nesi, kwa sinia, kwa sindano yenyewe iliyokuwa inatoa tone kwenye ncha. Aliogopa vilevile, lakini hakufumba macho.

"Pitisha mkono unichome kulia," alisema. "Na uandike kwenye faili."

Akaikodolea macho mpaka ikaisha.